RAM GB 32, zaidi ya GB 20 ziko wazi, halafu keneli inaua databesi eti memori imeisha. Inakuwaje hii?

bwana_logi:

Wakuu habari zenu. Kuna seva ya zamani hapa imenishinda, mwenye uzoefu anisaidie maana nimeshaanza kuichukia.

Prosesa yake ina uwezo wa biti 64 ila mfumo uliowekwa ni wa biti 32, Linux keneli (kiini cha mfumo) 2.6.18 ile yenye PAE (njia ya kuufanya mfumo wa biti 32 utambue RAM zaidi ya GB 4). Ilikuwa na RAM GB 8 na imekaa hivyo miaka bila usumbufu wa maana. Majuzi kuna seva nyingine ilistaafishwa, tukachukua RAM zake tukaijaza hii mpaka GB 32 tukasema sasa databesi itapumua. Badala ya kupumua ndo imeanza kufa. Kila usiku bakapu ikianza kupitia mafaili (ni madogo madogo ila ni mengi, kama milioni mbili hivi) baada ya muda keneli inachinja databesi, na ukiangalia logi inasema imeishiwa memori. Imeishiwa vipi wakati amri ya free inaonyesha zaidi ya GB 20 zimekaa tu?

Nimeweka oom_adj ya -17 kwenye databesi ili isiguswe, ikageukia sshd (ile ya kuingilia seva kwa mbali) ikaiua, nikabaki nje ya seva yangu mwenyewe.

Kipande cha logi:

`invoked oom-killer: gfp_mask=0xd0, order=0`
`Normal free:3540kB min:3756kB`
`HighMem free:21884036kB`

Na hii ni /proc/meminfo muda mfupi kabla haijaanza kuua:

`HighTotal: 32636928 kB`
`HighFree: 21884036 kB`
`LowTotal: 629816 kB`
`LowFree: 14208 kB`

RAM nimezipima na memtest usiku mzima, nzima zote. Nimerudisha vipande vya zamani vya GB 8, tatizo likapotea. Nikiweka GB 32 linarudi. Yaani RAM ikiwa nyingi ndo inaishiwa, mimi hapo ndo akili yangu imegoma.

---

chap_chap:

Ongeza swap (sehemu ya diski ya kusaidia RAM) mkuu, weka hata GB 16, hiyo ndo dawa ya OOM (kuishiwa memori) siku zote

---

mzee_wa_terminali:

Swap hapo haitasaidia hata ukiweka GB 100, na majibu yote ameshayaweka mwenyewe kwenye hizo mistari, ngoja tuisome.

Mkuu bwana_logi, RAM yako ipo. Kilichokwisha ni nafasi ya anwani ya keneli. Kwenye biti 32 anwani zinazoonekana kwa wakati mmoja ni za GB 4 basi, hata uchomeke RAM kiasi gani, na Linux kwa kawaida inazigawa GB 3 kwa programu na GB 1 kwa keneli. PAE ilikuja na Pentium Pro mwaka 1995, yenyewe inarefusha anwani za RAM hadi biti 36, ndo zile GB 64 unazosoma kwenye maelezo ya prosesa, ila anwani ambazo keneli na programu wanazitumia wao wenyewe zimebaki za biti 32 vilevile. Hapo ndo watu wengi wanapopotea, wanaona mfumo umetambua GB 32 wanadhani kila mtu humo ndani anaweza kuzitumia.

Ile GB 1 ya keneli nayo haiko huru yote. MB 896 za mwanzo za RAM ndo keneli inaziona moja kwa moja muda wote, hiyo ndo memori ya chini, yaani hizo Low unazoziona kwenye meminfo. MB 128 zilizobaki ni za kazi zake nyingine, mojawapo ikiwa kuzipachika kwa muda peji (vipande vidogo) za memori ya juu pale inapotaka kuzigusa. Kilichozidi MB 896 chote ni memori ya juu. Data ya databesi yako na kashe ya yaliyomo kwenye mafaili vinakaa huko juu raha mustarehe. Ila vitu vya keneli yenyewe, inodi (taarifa za kila faili), dentri (majina ya mafaili na folda), bafa za mtandao, staki za prosesi, hivyo lazima vikae chini, havina ruhusa ya kupanda.

Sasa kwa nini GB 8 ilikuwa salama na GB 32 inaua. Keneli ina daftari la kuorodhesha kila peji ya RAM, linaitwa mem_map, na kila peji ya KB 4 inachukua baiti 32 humo. Ni kama ghala ambalo ukilipanua daftari lake la mali nalo linanenepa, halafu daftari lenyewe lazima likae kwenye meza ileile ndogo ya mlinzi. Piga hesabu: GB 8 ni peji 2,097,152, daftari MB 64. GB 32 ni peji 8,388,608, daftari MB 256. Zote hizo zinatoka kwenye zile MB 896. Toa 256 unabaki na 640, toa na keneli yenyewe, ndo unaona LowTotal yako imesimama kwenye 629816 kB. Ungeweka GB 64 daftari lingekula MB 512 na hiyo mashine ingekuwa inaanguka mchana kweupe bila hata kusubiri bakapu.

Halafu ndo inakuja bakapu. Kila faili inayopitiwa keneli inahifadhi inodi yake na dentri yake ili isirudi tena kwenye diski. Kama ni ext3 kwenye biti 32 inodi moja ni kama baiti 500, dentri kama 130. Zidisha kwa milioni mbili uone kama zinaenea kwenye MB 600. Keneli inajitahidi kuzitupa za zamani, lakini zimepangwa kwenye slabu (mafungu ya vitu vya aina moja ndani ya peji), na slabu ikiwa na kitu kimoja tu bado kinatumika basi peji nzima haiachiliwi. Kwa hiyo unaweza ukatupa nusu ya inodi ukapata peji chache mno.

Na hiyo `gfp_mask=0xd0` ndo ushahidi wenyewe. Hilo ni ombi la kawaida la keneli. Lingekuwa ombi la peji ya programu ungeona mwishoni ni d2, ile 2 ndo kibali cha kuchukua kutoka juu. Hapa kibali hakipo, kwa hiyo GB 21 zilizo wazi huko juu kwa ombi hili ni kama hazipo. Chini imebaki 3540kB na kiwango cha chini kabisa ni 3756kB, keneli ikasema imekwama, ikaanza kutafuta wa kuua.

Kinachochekesha, ingawa kwako najua hakichekeshi, ni kwamba anayechaguliwa ni prosesi kubwa, na memori ya prosesi kubwa iko juu. Unaua databesi unapata GB kadhaa za juu ambazo hakuna aliyeziomba, chini unaambulia makombo. Ndo maana ulipoikinga databesi ikahamia sshd, na ungeikinga sshd ingehamia kwingine. Swap ni hadithi hiyohiyo, inodi na dentri haziendi kwenye swap, zinazokwenda ni peji za programu.

Leo usiku bakapu ikiwa inaendelea fungua slabtop (amri ya kuonyesha slabu), naamini utaona ext3_inode_cache na dentry_cache ziko juu kabisa.

---

kete_moja:

Maelezo safi mzee. Mimi ningemwambia ashushe lowmem_reserve_ratio, si ndo kazi yake kulinda memori ya chini isivamiwe?

---

mzee_wa_terminali:

Kazi yake ndiyo hiyo ila inalinda dhidi ya adui mwingine. Ile inazuia maombi ambayo yangeweza kukaa juu yasije kujazana chini pale juu panapojaa. Kwake juu hapajajaa hata kidogo. Na isitoshe kwa GB 32 tayari ulinzi umepitiliza: ukanda wa Normal (ndo sehemu kubwa ya memori ya chini) una kigawanyo cha 32, chukua memori yake ya juu kB 32636928 gawa kwa 32 unapata kB 1019904, yaani kinachotengwa ni kikubwa kuliko ukanda mzima! Programu hazigusi chini kabisa hapo, ni keneli inajimaliza yenyewe.

Kinachoweza kusogeza kidogo ni vfs_cache_pressure, ya kawaida ni 100, ipandishe iwe mia kadhaa ili keneli iwe na haraka ya kutupa inodi na dentri. Na kwenye skripti ya bakapu weka `echo 2 > /proc/sys/vm/drop_caches` kila baada ya folda kadhaa, ipo tangu 2.6.16 kwa hiyo kwako itakubali. Mimi hiyo ya pili siipendi, inapunguza makali tu, ila kama leo usiku lazima ulale itakulaza.

---

bwana_logi:

Aisee. Hapo kwenye 0xd0 na d2 nilikuwa napita tu kila siku.

Nimeangalia slabtop wakati bakapu inaenda, ni hivyo hivyo, ext3_inode_cache peke yake imefika zaidi ya MB 400 na inapanda. Nimeweka drop_caches kwenye skripti, usiku huu imefika mwisho bila kuua kitu.

Sasa dawa ya kudumu ni ipi? Kuna programu mbili hapa ni za biti 32, sosi kodi hatuna, waliozitengeneza hawapatikani. Ndo maana miaka yote tunaogopa kwenda biti 64.

---

dada_wa_seva:

Naomba nichangie hapo maana huo woga wa programu za biti 32 nauona kila mahali na mara nyingi hauna msingi. Keneli ya biti 64 inaendesha programu za biti 32 bila tatizo, huhitaji kubadilisha hata faili moja ya programu zako ilimradi maktaba zake za biti 32 ziwepo. Tena zinafaidika, chini ya keneli ya biti 32 programu ilikuwa na GB 3, chini ya biti 64 inapata karibu GB 4 zote kwa sababu keneli haikai tena kwenye zile anwani. Na haya mambo ya chini na juu yanakufa hapohapo, keneli inaiona RAM yote moja kwa moja.

Hakikisha tu prosesa, `grep -w lm /proc/cpuinfo`, ikirudisha mistari basi inakubali.

Kitu kimoja tu ndo kikwazo cha kweli: moduli za keneli. Programu ya biti 32 inavumilika, draiva ya biti 32 haiingii kwenye keneli ya biti 64 kwa namna yoyote. Una kadi yoyote ya ajabu humo ndani?

---

kete_moja:

Na hugemem je? Nakumbuka zamani kulikuwa na keneli ya hivyo.

---

mzee_wa_terminali:

Ilikuwepo. Ingo Molnar alitoa pachi ya kugawa 4G/4G mwaka 2003, keneli inapewa karibu GB 4 zake na programu GB 4 zake, Red Hat wakaiweka kwenye RHEL 3 na RHEL 4 kwa jina hilo la hugemem. Gharama yake ni kwamba kila programu ikiita keneli, anwani zote zinabadilishwa na TLB (kashe ya anwani ndani ya prosesa) inafutwa, kwa hiyo kazi yenye miito mingi inapungua kasi. RHEL 5 wakaitupa, kufikia hapo prosesa za biti 64 zilishazagaa. Kwa 2.6.18 yake hiyo njia imefungwa. Angeweza kukompaili keneli yenye mgawanyo wa 2G/2G akapata memori ya chini zaidi ya mara mbili, ila programu zinabaki na GB 2 na databesi yake haitafurahi. Sishauri.

Linus Torvalds mwenyewe hajawahi kuficha kwamba PAE haimpendezi, na ukiisoma hiyo logi hapo juu unaelewa.

---

msafiri_wa_biti:

Samahani nadandia uzi. Mimi yangu haiui kitu ila ni biti 32 pia, keneli ya 3.x, RAM GB 16, ikikaa muda inaanza kuandika kwenye diski pole pole sana, yaani kunakili faili la MB 700 unaweza ukaenda kuoga ukarudi. Diski nimepima ni nzima. Ukiwasha upya inakuwa sawa halafu inarudia. Ni hii hii?

---

mzee_wa_terminali:

Ni ndugu yake wa tumbo moja. Keneli ina kikomo cha data ambayo imeandikwa kwenye RAM ila haijafika diskini, na kwenye biti 32 kikomo hicho kwa kawaida kinahesabiwa kwa memori ya chini tu, ya juu haihesabiwi kabisa. Kwa GB 16 daftari limeshakula MB 128, slabu nazo zikijaa, kinachobaki cha kuhesabia ni kidogo mno, kikomo kinakaribia sifuri, basi kila anayeandika anasimamishwa asubiri diski kwa kila kipande. Jaribu `echo 1 > /proc/sys/vm/highmem_is_dirtyable` utaona kasi inarudi papo hapo. Ila usiiache hivyo ukasahau, memori ya juu ikijaa data chafu (ambayo haijafika diskini) halafu diski ikawa ya pole, unaweza ukasogea karibu na balaa la mwenzio hapo juu.

---

msafiri_wa_biti:

IMERUDI! Faili lilelile sasa hivi sekunde tu. Nimehangaika na hii kitu nikabadilisha mpaka kebo.

---

winisheba:

Watu wa Linux msijione mko peke yenu. Windows 98 ukiiwekea RAM zaidi ya MB 512 ilikuwa inakataa kufungua hata dirisha la DOS inasema memori haitoshi, kwa sababu Vcache (kashe yake ya diski) ilijipimia ukubwa kulingana na RAM ikamaliza anwani za mfumo, dawa ilikuwa kuweka MaxFileCache kwenye system.ini. Na Server 2003 ya biti 32 watu walipenda kuweka /3GB kwenye boot.ini ili databesi ipate GB 3, wakasahau kwamba keneli imebaki na GB 1, nonpaged pool (memori ya keneli isiyoweza kuhamishiwa diskini) inashuka kutoka MB 256 hadi 128, na ukiwa na hiyo swichi mfumo hautumii zaidi ya GB 16 za RAM hata kama umechomeka 32, sababu ni daftari lilelile analolisema mzee, wao wanaliita hifadhidata ya PFN. Ukiona tukio namba 2019 au 2020 kwenye logi ya mfumo ujue pool imekauka.

---

bwana_logi:

Dada umenishika pabaya. lm ipo, ila kuna kadi moja ya kupokelea data ya mitambo, draiva yake ni moduli ya biti 32 iliyokompailiwa kwa keneli hii hii, sosi hakuna. Bila hiyo kadi seva haina kazi.

---

dada_wa_seva:

Basi hapo una njia mbili. Ya leo ni kuiambia keneli isione RAM yote, weka `mem=8G` kwenye mstari wa buti. Inauma kuzima GB 24 kwa makusudi najua, lakini daftari linarudi MB 64 na memori ya chini inarudi kama zamani. Hizo RAM zilizozidi zitoe tu zikafanye kazi kwingine.

Ya pili inataka muda. Weka mfumo mpya wa biti 64 kwenye mashine, huu wa zamani uuingize kwenye mashine pepe ya GB 4, kadi uipitishe moja kwa moja kwa mgeni (hiyo mashine pepe), databesi na mafaili yahamie kwa mwenyeji (huo mfumo mpya) ambako GB 28 zinazobaki zina maana. Kwa mgeni mwenye GB 4 daftari ni MB 32, na bakapu haipiti tena kwake. Ila kadi kupita inahitaji VT-d (uwezo wa Intel wa kuipa mashine pepe kifaa moja kwa moja) kwenye prosesa na kwenye ubao wote, mashine za umri huo nyingi hazina au BIOS imeizima, kwa hiyo anza kwa kuangalia hapo kabla hujafuta kitu chochote. Kama haipo, kadi na mfumo wa zamani vibaki kwenye mashine hii na GB 8 zake, databesi itafutie mashine nyingine.

Na kabla ya kuhama angalia mstari wa PageTables kwenye meminfo. Kama databesi yako inafungua prosesi nyingi zinazoshiriki memori moja, kila prosesi inatengeneza majedwali yake ya anwani. Chukua memori ya pamoja ya GB 1.5, kwa PAE ni MB 3 za majedwali kwa kila prosesi, prosesi 300 ni MB 900. Keneli yako kama ilijengwa na CONFIG_HIGHPTE majedwali yanapanda juu, kama haikujengwa hivyo nayo yanagombania chini na inodi.

---

bwana_logi:

PageTables inaonyesha kama MB 40, na kwenye faili la config la /boot HIGHPTE ni y, kwa hiyo hapo niko salama.

Nimebuti na mem=8G. LowTotal imepanda imekuwa zaidi ya MB 800, bakapu imepita usiku bila drop_caches na LowFree haikushuka chini ya MB 90. BIOS ina kipengele cha VT-d, kilikuwa kimezimwa. Nimekiwasha ila dmesg ya keneli hii haisemi chochote kuhusu DMAR (jedwali la BIOS linalohusu VT-d).

---

dada_wa_seva:

2.6.18 haina draiva ya VT-d, hiyo iliingia 2.6.24, kwa hiyo kimya chake hakimaanishi kitu. Buti na live CD ya biti 64 ya kisasa, weka `intel_iommu=on` kwenye mstari wa buti, halafu angalia `/sys/kernel/iommu_groups` kama ina kitu na kadi yako iko kwenye kundi lipi. Ikiwa peke yake kwenye kundi endelea. Ikiwa kundi moja na kontrola ya diski, ihamishie kwenye sloti nyingine ujaribu tena.

---

chap_chap:

kwa hiyo swap haisaidii?

---

mzee_wa_terminali:

Hapana mkuu.